Pilipili Hoho Ndani ya Mgomba

Mkungu umeanza kuiva kabla ya wakati wake. Chane mbili tatu zimegeuka njano, nyingine bado ni kijani kibichi, na mwenye shamba anajua kwamba miezi yake haijatimia. Akichukua kisu akaipasua ndizi moja, anakuta nyama imejaa madoa ya kahawia, ngumu, haifai kupikwa wala kukamuliwa. Akilikata gogo na kungoja kidogo, anaona ute wa njano hafifu ukichuruzika kwenye jeraha. Ute ule ni bakteria watupu. Na kile kisu, asipokipitisha motoni, kitaufikisha ugonjwa kwenye mgomba wa pili, wa tatu na wa kumi kabla jua halijazama.

Warundi wanauita kirabiranya. Ng'ambo ya mpaka, huko Kagera nchini Tanzania, maafisa ugani wanauita mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kunyunyizia, na miongoni mwa migomba inayolimwa katika nyanda za juu za Maziwa Makuu haijapatikana hata aina moja yenye kinga ya asili ya kutegemewa. Ndiyo maana, kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, watafiti wameitafuta kinga hiyo nje kabisa ya ukoo wa mgomba: kwenye mpunga na kwenye pilipili hoho.

Anayetoka Musinzira, mtaa wa mji wa Gitega, akashika barabara ya Karuzi kuelekea Muyinga, haoni kilima kisicho na migomba. Imezunguka nyumba, imeshuka mabondeni, imetia kivuli kahawa na maharage. Sehemu kubwa ya ndizi za Burundi haiendi chunguni. Inaivishwa, inakamuliwa na kuchachushwa kuwa urwarwa, pombe ambayo bila yake posa haipokelewi sawasawa na majirani waliogombana hawapatanishwi. Ndizi za kupika na za kuliwa mbivu huchukua sehemu ndogo zaidi, ingawa kwa Waislamu wa mitaa ya Waswahili ndizo zenye maana, kwa kuwa urwarwa hawaugusi. Kwa wote, mgomba ni benki ya nyumbani. Kahawa huleta faranga mara moja kwa mwaka, lakini mkungu hukatwa mwezi wowote mtoto anapodaiwa karo au mgonjwa anapotakiwa kupelekwa hospitali. Majani yake makavu hufunika udongo, na mizizi huzuia mvua isiuchukue kwenye miteremko mikali. Shamba la migomba likifa kilimani, familia hupoteza kinywaji, chakula, fedha na udongo kwa pamoja.

Gitega ina historia yake katika utafiti wa zao hili. Mwaka 1976 Burundi, Rwanda na Zaire ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Miaka mitatu baadaye jumuiya hiyo ilianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, IRAZ, na makao yake yakawekwa Gitega. Mgomba ulikuwa miongoni mwa kazi zake kuu: kukusanya aina za nyanda za juu kutoka nchi tatu, kuzilinganisha, kuzizalisha kwa njia ya chupa katika maabara, na kuyafuatilia magonjwa. Uchunguzi wa mwaka 1987 uligundua kwamba virusi vya msongamano wa majani, vinavyoufanya mgomba udumae na majani kusongamana juu kama kichaka, vilikuwa tayari vimeingia katika bonde la Rusizi. Virusi vile husambazwa na vidukari na husafiri ndani ya machipukizi. Wataalamu walipata somo mapema: mkulima anapompa shemeji yake chipukizi la mgomba, humpa na kila kilichomo ndani yake.

Adui aliyefuata alitoka kaskazini. Ethiopia hulima enseti, ndugu wa mgomba asiyezaa ndizi za kuliwa, ambaye gogo lake husagwa na kuchachushwa kuwa chakula cha mamilioni ya watu. Mwaka 1968 watafiti wawili, Dagnachew Yirgou na J. F. Bradbury, walieleza bakteria iliyokuwa ikinyausha enseti. Mwaka 1974 wakaripoti kwamba bakteria hiyohiyo imeonekana kwenye migomba. Ilipewa jina refu, Xanthomonas campestris pathova musacearum, na kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano dunia iliichukulia kama shida ya Waethiopia.

Mwaka 2001 ikazuka Mukono, katikati ya Uganda. Katika kipindi hichohicho mashamba ya Masisi, Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, yakaanza kunyauka, na vipimo vya maabara vikaja kuthibitisha kwamba ni bakteria hiyo. Rwanda iliripoti mwaka 2005, upande wa ziwa Kivu. Mwaka 2006 ikawa zamu ya Kagera nchini Tanzania na magharibi ya Kenya. Burundi ilikuwa imezingirwa pande tatu. Kufikia mwaka 2010 vipimo vilikuwa vimethibitisha kwamba ugonjwa uko ndani ya mipaka yake.

Muyinga ni mahali pazuri pa kuona jinsi jambo hilo linavyotokea. Eneo hilo linapakana na Rwanda kaskazini na Tanzania mashariki, na kituo cha Kobero ndicho mlango wa malori yatokayo Ngara. Ndizi huvuka, watu huvuka, na wakimbizi walivuka kwenda na kurudi katika miaka ya vita vilivyoanza 1993. Mikungu ikipakiwa, majani ya mgomba hutandikwa chini na kufunikwa juu. Panga la mnunuzi anayepita shamba kwa shamba akikata mikungu ya kununua halitofautishi shamba zima na shamba gonjwa.

Panga si njia pekee. Chini ya mkungu wa mgomba huning'inia ua dume, lile tumba la zambarau linalofunguka gamba baada ya gamba. Kila gamba linapodondoka huacha kovu bichi lenye unyevu, na maua madogo yaliyokuwa chini yake hutoa asali. Nyuki akitoka kwenye ua la mgomba mgonjwa akiwa na ute miguuni, akatua kwenye kovu hilo, bakteria hupata mlango. Kayinja, ndizi ya pombe iliyopendwa kuanzia Uganda hadi Burundi kwa sababu hukua hata kwenye udongo uliochoka, hudondosha magamba yake yote na kwa hiyo huambukizwa kirahisi mno. Baadhi ya migomba ya nyanda za juu hushikilia magamba yake na huepuka maambukizi ya njia hiyo. Mwinuko wa mahali nao una sauti: kwenye vilima vilivyo juu sana, takriban mita 1,700 na zaidi, maambukizi ya wadudu hupungua sana. Hapo mtuhumiwa mkuu hubaki mkono wa binadamu na chombo alichoshika.

Hatua za kwanza zilikuwa ngumu kwa wakulima. Serikali za eneo zima ziliagiza kisiki chote king'olewe hata kama ni mgomba mmoja tu ulioonyesha dalili: mama, watoto na wajukuu wake. Kung'oa kisiki kimoja cha mgomba mkubwa ni kazi ya nusu siku ya jembe, na baada yake shamba linatakiwa lipumzike miezi kadhaa bila migomba. Mjane mwenye visiki ishirini aliyeambiwa ang'oe kumi na viwili alikuwa anaambiwa avunje nyumba yake ili kuua panya. Wengi walificha.

Mwarobaini wa kwanza wa kweli ulitokana na kuangalia kwa makini jinsi bakteria inavyotembea. Watafiti waliofanya kazi Kivu na nchi jirani waligundua kwamba bakteria ikiingia mgomba mmoja haienei kwenye machipukizi yote ya kisiki kile. Kutokana na hilo ikapatikana njia ya kukata shina moja moja: mkulima hupita shambani, hukata chini kabisa kila shina lenye dalili, huchoma panga lake moto kabla ya kugusa jingine, na huvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa kisu. Akiendelea hivyo kwa miezi, maambukizi hushuka hadi kiwango anachoweza kuishi nacho. Moniteri wa kilimo wa Burundi, wale wanaozunguka kilima hadi kilima, wamekuwa wakihubiri hayo hadi leo. Yanafanya kazi. Shida ni kwamba yanamtaka kila mwenye migomba ayafanye kila juma bila kuchoka, na jirani mmoja akilegea, anawarudisha wote nyuma.

Kwa nini basi wasizalishe mgomba wenye kinga, kama wanavyozalisha mahindi na maharage? Jibu limo ndani ya ndizi yenyewe: haina mbegu. Migomba ya nyanda za juu ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na karibu yote ni tasa. Kila chipukizi ni nakala ya mama yake. Mababu waliichagua hivyo karne nyingi zilizopita, kwa kuwa hakuna anayetaka ndizi iliyojaa mbegu ngumu, lakini kwa uchaguzi huo walifunga mlango wa mseto. Watafiti wa Uganda na wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, walifanikiwa kupata mbegu chache kutoka kwa migomba isiyo tasa kabisa, na wakapata aina mpya zinazohimili sigatoka nyeusi, ugonjwa wa fangasi wa majani, zile zinazoitwa NARITA. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miongo miwili. Na kwa mnyauko bakteria palikuwa na kikwazo cha ziada: mgomba uliothibitika kuwa na kinga imara ni Musa balbisiana, mgomba wa mwituni wa Asia, ambao matunda yake yamejaa mbegu kama changarawe. Kuihamisha kinga yake kwenye ndizi ya kulika kwa mseto wa kawaida kungekula maisha ya watafiti wawili.

Njia nyingine ilikuwa imeshafunguliwa mbali na Afrika. Mwaka 1995 makundi mawili ya watafiti, mojawapo la Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, yalitangaza kwamba yamefaulu kupachika jeni ngeni ndani ya chembe za mgomba na kuziotesha zikawa mimea kamili. Leuven ilikuwa na sababu ya kuwa mbele: tangu miaka ya 1980 imehifadhi katika chupa zake mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa aina za migomba, ikiwamo ya Maziwa Makuu. Uganda haikukaa kusubiri. Mwaka 2003 Rais Yoweri Museveni alizindua maabara ya bioteknolojia ya mgomba huko Kawanda, kilomita chache kaskazini ya Kampala. Mwaka 2007 ikapandwa hapo, ndani ya uzio, migomba ya kwanza ya uhandisi jeni katika nchi hiyo. Ilikuwa aina ya Gros Michel, ile inayoitwa Bogoya sokoni, iliyotiwa jeni ya mpunga. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachokata kuta za fangasi, na ilikusudiwa kuzuia sigatoka nyeusi. Waganda walijifunza zaidi kanuni kuliko mavuno: namna ya kulinda shamba la majaribio, ya kuteketeza mabaki, ya kuandika kila jani lililokatwa.

Jeni iliyohitajika kwa mnyauko ilitoka Taipei. Katika taasisi ya Academia Sinica ya Taiwan, kundi la Teng-Yung Feng lilikuwa limetenga jeni mbili kutoka kwenye pilipili hoho, Hrap na Pflp. Zote mbili huusaidia mmea kutambua haraka kwamba umevamiwa na bakteria na kuchukua hatua kali: chembe zilizo karibu na mvamizi hujiua zenyewe. Bakteria hubaki katikati ya tishu mfu bila mahali pa kwenda, kama moto wa nyika uliokutana na ukanda uliochomwa mapema. Mgomba wa kawaida nao una uwezo huo, ila dhidi ya bakteria hii huchelewa. Jeni za hoho huharakisha jibu lake.

Hapo ndipo shirika la AATF la Nairobi lilipoingia. Shirika hilo liliundwa mwaka 2003 ili kuwapatia wakulima wa Afrika teknolojia zinazomilikiwa na wengine bila kulipia hakimiliki, na lilikubaliana na Academia Sinica kwamba jeni hizo zitumike kwenye migomba ya Afrika bure. Kazi ya maabara iliongozwa na Leena Tripathi wa IITA pamoja na wenzake wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, NARO, akiwamo Wilberforce Tushemereirwe aliyekuwa mstari wa mbele tangu mnyauko ulipozuka Mukono.

Kazi yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu. Fundi wa maabara huchukua ua dume changa, analimenya gamba baada ya gamba mpaka afikie moyo wake mweupe wenye ukubwa wa ncha ya kidole, ambamo maua hayajafunguka bado. Chini ya darubini hukata vishada hivyo vidogo na kuviweka kwenye lishe yenye homoni. Baada ya miezi mingi, baadhi yake huacha kuwa ua na kugeuka kuwa chembe laini za rangi ya maziwa, kila moja ikiwa na uwezo wa kuwa mgomba mzima. Chembe hizo hutiwa kwenye chupa za maji ya lishe na kutikiswa usiku na mchana. Kisha huletwa bakteria ya udongo, Agrobacterium, ambayo kwa asili yake huingiza jeni ndani ya mimea. Waliibadilisha ibebe jeni ya hoho badala ya zile za ugonjwa wake. Baada ya siku chache inauawa kwa dawa, na chembe huwekwa kwenye lishe inayoziua zote ambazo hazikupokea jeni. Zilizobaki huoteshwa, moja moja, hadi ziwe miche yenye mizizi. Sehemu ileile ya mgomba ambayo nyuki huingizia ugonjwa shambani ndiyo iliyotumika kuutengenezea kinga maabarani.

Mwaka 2010 Tripathi na wenzake walichapisha matokeo ya kwanza: migomba yenye Hrap iliyopigwa sindano za bakteria chumbani haikunyauka, au ilichelewa sana. Mwaka huohuo, Oktoba, mistari 65 ya migomba yenye Hrap au Pflp, kila mstari ukitokana na chembe moja iliyopokea jeni, ilihamishiwa shambani Kawanda, katika aina mbili: Sukali Ndizi, ile ndogo tamu, na Nakinyika, ndizi ya kupika ya nyanda za juu. Kila mgomba ulichomwa bakteria kwa makusudi. Migomba ya kulinganishia, isiyokuwa na jeni, ikanyauka. Mistari mingi yenye jeni ilihimili zaidi, na sehemu yake ikabaki bila dalili yoyote, si mama tu bali na machipukizi yaliyozaa baada yake. Ukuaji na mikungu yake havikutofautiana na vya migomba ya kawaida. Taarifa kamili ilitoka mwaka 2014 katika jarida la Nature Biotechnology. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jaribio la shambani kuonyesha migomba inayoihimili bakteria hii.

Kundi hilohilo lilijaribu pia jeni ya mpunga, Xa21. Jeni hiyo asili yake ni Oryza longistaminata, mpunga wa mwituni wa Afrika, na ilitengwa Marekani mwaka 1995 na kundi la Pamela Ronald wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Hufanya kazi kama mlinzi aliyekaa juu ya ukuta wa chembe akitambua alama za bakteria za jamii ya Xanthomonas. Kwenye mpunga huzuia ugonjwa wa mabaka ya majani, na kwenye mgomba wa majaribio ilizuia mnyauko. Wengine duniani nao walikuwa wakitumia njia hiyohiyo kwenye miti ya matunda. Huko Texas, Erik Mirkov alitia jeni za mchicha wa spinachi kwenye michungwa ili kupambana na ugonjwa wa kugeuka kijani uliokuwa ukiangamiza mashamba ya Florida. Huko New York, William Powell alitia jeni ya ngano kwenye mti wa chestnut wa Marekani, ambao mabilioni yake yaliteketea baada ya fangasi kuonekana huko mwaka 1904. Mwaka 2024 Australia iliidhinisha ndizi ya Cavendish yenye jeni ya mgomba wa mwituni inayozuia mnyauko fuzari, kazi ya miaka mingi ya James Dale.

Ndizi ya Kawanda haikupata kibali kama hicho. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bioteknolojia mwezi Oktoba 2017, na rais akaurudisha akitaka ufafanuzi juu ya haki za wakulima na kulinda mbegu za asili. Bunge likaupitisha tena Novemba 2018 baada ya kuufanyia marekebisho, ukiwa na jina jipya, na rais akakataa kuutia saini kwa mara nyingine. Novemba hiyohiyo ya 2018 Tanzania ilisimamisha majaribio ya mahindi ya uhandisi jeni huko Makutupora, Dodoma. Kenya, iliyokuwa imepiga marufuku uagizaji wa vyakula vya uhandisi jeni mwaka 2012, iliondoa marufuku Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani. Huko Burundi hakuna mgomba wa uhandisi jeni uliopandwa hata kwenye shamba la majaribio.

Hofu zilizosemwa si za kupuuza. Wakulima wa Uganda waliuliza kama watauziwa machipukizi kila msimu, na baadhi ya wabunge waliuliza nani atalipa fidia ndizi hiyo ikileta madhara. Watafiti walijibu kwamba protini za hoho hazifanani na kitu chochote kinachojulikana kuleta mzio, na kwamba watu wanakula hoho kila siku. Jibu la pili lilikuwa kwenye utasa wa mgomba wenyewe: kwa kuwa hauna mbegu, jeni haiwezi kuvuka kwa njia ya chavua kwenda kwenye migomba ya jirani kama inavyoweza kwenye mahindi.

Ni kweli kwamba haivuki kwa chavua. Inavuka mabegani. Mgomba huenea kwa chipukizi linalotolewa bure, la ndoa, la ujirani, la kumkaribisha mtu aliyerudi uhamishoni, na hakuna kituo cha forodha kati ya Ngara na Muyinga kinachokagua kila gunia la machipukizi linalopita vichochoroni usiku. Siku Kampala au Nairobi itakapotoa kibali, machipukizi hayo yatafika Muyinga katika misimu michache, na Gitega baada yake, kwa njia ileile iliyoleta kirabiranya. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini maamuzi juu ya mgomba bado kila nchi inajifanyia peke yake, utadhani mipaka ya ramani ndiyo mipaka ya mashamba.

Wakati sheria zikikwama, sayansi yenyewe imebadilika. Mwaka 2021 kundi la IITA, sasa likiwa Nairobi, lilionyesha kwamba Sukali Ndizi inaweza kupata kinga bila jeni ya mmea mwingine. Walitumia mkasi wa kijenetiki, CRISPR, kuharibu jeni ya mgomba wenyewe inayoitwa DMR6, ambayo kazi yake ni kushusha ulinzi wa mmea. Jeni hiyo ikizimwa, ulinzi hubaki macho. Kwenye mahindi, mtafiti angeweza baadaye kuuondoa mkasi kwa kuchavusha na kuchagua watoto wasio nao. Mgomba hauna watoto wa mbegu, kwa hiyo mkasi huo, ukiingizwa kama jeni, hubaki ndani milele, na sheria huweza kuuhesabu mmea huo kama uhandisi jeni wa kawaida. Sasa watafiti wanajitahidi kuuingiza mkasi kama protini inayofanya kazi siku chache na kuoza. Kenya ilitoa mwongozo wa uhariri wa jeni mwaka 2022 unaotenganisha mimea iliyohaririwa bila kubakiza jeni ngeni na ile iliyotiwa jeni za viumbe vingine.

Kwa Burundi swali la kwanza ni aina gani za ndizi zitakazohaririwa. Sukali Ndizi na Nakinyika ni ndizi za soko la Kampala. Urwarwa wa Gitega hukamuliwa kutoka kwenye Igitsiri, Indarama, Igihuna, na Kayinja ambayo ndiyo iliyo hatarini kuliko zote. Kila aina inahitaji chembe zake zioteshwe upya kutoka kwenye ua dume lake, kazi ya mwaka au zaidi, na baadhi ya migomba ya nyanda za juu husumbua sana hatua hiyo. Hakuna maabara ya nje itakayofanya hivyo kwa ajili ya pombe ya Karuzi ikiwa Warundi wenyewe hawataomba wala kushiriki.

Msingi upo. Taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, ISABU, inaujua ugonjwa na inayajua mashamba. Maabara binafsi za Burundi, Agrobiotec na Phytolabu, zimezalisha miche safi ya migomba kwa njia ya chupa kwa miaka, na mradi wa CIALCA ulioanza 2005 uliwaunganisha watafiti wa Burundi, Rwanda na Kongo na wa IITA pamoja na vyuo vya Ubelgiji. Gitega, ambayo tangu 2019 ni mji mkuu wa kisiasa, ilikuwa makao ya utafiti wa mgomba wa nchi tatu kabla Kawanda haijawa na maabara yake ya jeni. Kinachokosekana ni sheria inayosema wazi nani anaruhusiwa kujaribu, wapi, na chini ya macho ya nani, na makubaliano na Tanzania, Rwanda na Uganda kwamba chipukizi lililoidhinishwa upande mmoja litafuatiliwa upande wa pili.

Mpaka hapo, kinga ya Muyinga ni panga lililopitishwa motoni na kijiti chenye panda, na moniteri anayerudi kilimani juma kwa juma kumkumbusha kila mtu kwamba shamba lake halina ukuta. Kazi hiyo haitakwisha hata mgomba wenye kinga ukija, kwa kuwa bakteria nazo hubadilika, na jeni moja peke yake, iwe ya hoho au ya mpunga, inaweza kushindwa baada ya miaka. Ndiyo sababu watafiti wa Nairobi wanataka kuweka zaidi ya kinga moja katika mgomba mmoja, na ndiyo sababu wakulima wa Burundi wanastahili kuwa mezani tangu sasa, wakati bado inachaguliwa ni migomba gani itakayopewa kinga hizo.